Jifunze kusimama kwanza, kwenda utakwenda tu

Mara ya kwanza kufanya mtihani wa leseni nilifeli mbele ya gari ya ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe hakuwa na kosa. Alikuwa nyuma yangu kwenye mlima hapa Chake Chake, kapakiwa nazi, anatafuna zake. Mie ndiye niliyekuwa narudi kinyumenyume kumfuata.

Afisa aliniambia nisimame katikati ya mlima. Nikasimama vizuri, nikavuta hendibreki. Akasema, "Haya, twende." Nikashusha hendibreki kwanza, halafu ndo nikaanza kuitafuta klachi. Gari ikarudi. Nikakanyaga breki, injini ikazimika, nikawasha, ikarudi tena. Mwenye gari ya ng'ombe akaruka chini na kuikamata kamba ya ng'ombe wake. Afisa hakunifokea. Aliandika kitu kwenye karatasi yake, akasema, "Bi, nenda kafanye mazoezi ya mlima, halafu urudi."

Nilikuwa na miaka 34, mwalimu wa skuli, na wanafunzi wangu wawili walikuwa wamekaa barazani wakinitazama.

Tangu nipate leseni, wenzangu wengi, khasa wanawake, huniuliza nilianzaje na wao wafanyeje wapasi. Wanategemea niwaambie habari za gia. Nawaambia habari za kusimama. Kwenda si kazi: gari imetengenezwa kwenda, ukiigusa kidogo inakwenda. Watu hufeli, na hugonga, pale wanapotakiwa kusimama.

Kosa langu lilianzia uwanjani. Pale nilipoanza kujifunza walinipeleka kwenye kiwanja tambarare upande wa Gombani, na kwa wiki tatu kazi ikawa kuzunguka tu: gia ya kwanza, ya pili, kata kushoto, kata kulia, rudi rivasi baina ya vijiti viwili. Wiki ya tatu nikajiona dereva. Sasa niambie, Pemba hii utambarare uko wapi? Kisiwa kizima ni vilima na mabonde. Ukishuka melini Mkoani, hujakaa sawa kitini umeshaanza kupanda. Kujifunza gari Pemba kwa kuzunguka kiwanja ni sawa na kujifunza kuogelea kwenye beseni.

Baada ya kufeli nikamtafuta mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyefundisha udereva baada ya kuendesha malori miaka mingi. Siku ya kwanza hakuniuliza najua nini. Alinipeleka kwenye mlima wenye magari machache, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, vibao vya L mbele na nyuma, akaniambia nisimame na nivute hendibreki. Akashuka na kopo tupu la nyanya, akaliweka nyuma ya tairi, kama upana wa kiganja hivi. Akarudi kukaa. "Ondoka. Ukiliponda, kahawa na kashata kwako."

Siku hiyo niliponda makopo manne. Mzee alikunywa kahawa mpaka nikamuonea huruma.

Utaratibu wenyewe, kwa gari ya gia, ni huu. Gari imesimama, hendibreki iko juu, gia namba moja. Mguu wa kulia unakanyaga mafuta kidogo, kiasi injini ingurume kama mtu anayesafisha koo. Hapo inua klachi polepole, kisigino kikibaki sakafuni, mpaka usikie ule mlio unashuka na uone pua ya gari inajiinua kidogo kama mbuzi anayenusa. Usiongeze, usipunguze. Ndiyo hiyo wanayoiita kubalansi klachi. Gari ikishashika, ukishusha hendibreki hairudi wala hairuki, inakaa inakusubiri. Ongeza mafuta kidogo, malizia klachi, inakwenda. Mie nilikuwa nafanya kinyume: nashusha kwanza, halafu natafuta. Siku ya tano kopo lilibaki zima mara sita mfululizo. Mzee akaliokota, akalitia mfukoni, na hatukuzungumza tena habari za mlima.

Utasikia watu wanasema siku hizi gari karibu zote ni otomatiki, klachi ya nini. Ni kweli, hizi gari ndogo za Kijapani zinazoletwa mtumba nyingi ni otomatiki. Lakini gari ya mtihani, gari ya kazini au pikapu ya shemeji yako inaweza kuwa ya gia. Na hata otomatiki inarudi kwenye mlima mkali ukichelewa kuhamisha mguu.

Kuteremka nako ni kusimama kwa aina yake. Kuna madereva wakifika juu ya mlima wanatoa gia, gari inateremka firii, ati wanabana mafuta. Usiige. Gari ikiwa firii injini haikusaidii kuizuia, mzigo wote unabaki kwenye breki, na breki ikikaliwa mlima mzima inapata moto na kupoteza nguvu. Weka gia ndogo kabla hujaanza kuteremka, uiachie injini ishike. Mzee alikuwa akisema gia uliyopandia ndiyo ya kuteremkia. Si sheria ya kitabu, ila hajanikosesha.

Na hili hakuna mwanamme aliyenifundisha, nalisema kwa wanawake wenzangu: pindo la baibui. Wiki yangu ya pili nilitaka kukanyaga breki, mguu haukufika. Pindo lilikuwa limebanwa chini ya klachi, nami nikilivuta kwa goti la kulia. Bahati tulikuwa gia ya kwanza. Tangu siku hiyo, kabla ya kuwasha gari nalikusanya baibui, nalikalia kwa pande zote mbili, na ndani navaa suruali. Viatu viwe na soli nyembamba na vishike kisigino. Ndara zivue, lakini usiziache hapo miguuni, ziweke nyuma ya kiti. Ndara ikiingia chini ya pedali ya breki, au chupa ya maji ikibingirika huko, utakanyaga na pedali haitashuka.

Kuhusu nani akufundishe, jamaa wanaweza kukusaidia, ila chagua. Ami yangu mmoja alikaa Maskati zaidi ya miaka ishirini, dereva mzuri mno, huko. Oman wanaendesha kulia, sisi kushoto. Alijitolea kunisomesha na nikashukuru. Njia nzima, kila tukikata kona, waipa zilikuwa zinafuta kioo kikavu. Kule alizoea mkono wa indiketa uko kushoto ya usukani, na kwenye gari zetu hizi za Kijapani kushoto ni waipa, indiketa iko kulia. Tulicheka sana. Hatukucheka tulipotoka kwenye njia ya vumbi na yeye, bila ya kujua, akashika upande wa kulia wa lami. Lililotuokoa ni kwamba kulikuwa hakuna mtu. Ami alibaki kuwa ami, lakini mwalimu nikatafuta mwengine.

Sasa barabarani. Ukiwa kwenye 50 kwa saa, gari inakwenda karibu mita 14 kwa kila sekunde moja. Yaani mtoto akitokeza, na wewe ukatumia sekunde moja tu kushtuka na kuhamisha mguu, gari imeshakula mita 14 kabla breki haijaguswa. Na mwendo ukiuzidisha mara mbili, masafa ya breki kuisimamisha gari hayazidi mara mbili, yanazidi mara nne. Kwa hiyo mtu anayekwambia "nilikuwa mwendo mdogo tu, sitini" hajui anachokisema ikiwa amepita mbele ya skuli.

Kujua kama umemwachia nafasi wa mbele, tazama gari yake inapita wapi, nguzo ya umeme au mnazi, uanze kuhesabu taratibu: elfu moja na moja, elfu moja na mbili. Ukifika kwenye nguzo kabla hujamaliza, umemkaribia mno. Mvua ikinyesha, hesabu mpaka nne. Mvua ya mwanzo baada ya kiangazi ndiyo mbaya zaidi, maana mafuta na vumbi vilivyokaa juu ya lami vinachanganyika na maji kidogo, na barabara inakuwa kama imepakwa sabuni. Huku kwetu ongeza na udongo unaoporomoka kutoka kwenye kingo za mlima.

Kabla ya breki, kioo. Nyuma yako kuna bodaboda aliyejibana karibu na bampa, na nyuma yake daladala linalowahi abiria. Ukisimama ghafla bila ya kutazama, wewe umesalimika na yeye yuko kwenye buti lako. Kwenye mtihani afisa anakutazama macho kuliko mikono. Geuza shingo kidogo aone kweli umetazama kioo, usiyaibe macho tu.

Msimu wa karafuu una somo lake. Pembeni ya lami majamvi yamejaa karafuu, na mtu anayezipindua hurudi nyuma kwa matako, hatazami barabara, anatazama karafuu zake. Watoto wanafukuza kuku na mbuzi wasizikanyage, na kuku akikimbilia barabarani mtoto naye yumo. Mie nikiona jamvi la kwanza natoa mguu kwenye mafuta nauweka juu ya breki, bila ya kukanyaga. Kile kijisekunde cha kuhamisha mguu nimeshakimaliza mapema.

Na Ramadhani, ile saa kabla ya adhana ya magharibi, kama huna dharura kaa nyumbani. Dereva ana njaa, ana kiu, anaifikiria futari, na kila mtu anamwahi mwenziwe. Mwanafunzi asijifunze saa hiyo hata siku moja.

Alama za barabarani sitokaa sana. Usizikariri moja moja kama sura za kusoma, anza na umbo. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inakuonya. Duara lenye ukingo mwekundu linakukataza. Duara la buluu linakuamuru. Pembetatu iliyopinduliwa kichwa chini, wape wengine njia. Yenye pembe nane, simama kabisa, magurudumu yatulie, si kupunguza mwendo na kuchungulia. Ukishajua umbo, hata picha ukiisahau unajua inataka nini kwako. Mie niliulizwa kwa mdomo na nikajibu kwa njia hiyo.

Wapo watakaokunong'oneza kwamba leseni inapatikana bila ya kuugusa usukani, toa kitu kidogo. Mlima hauchukui rushwa, na mwenye mtoto aliyegongwa hatokuuliza leseni uliipataje.

Ukipata leseni hapa Pemba, usivuke kesho yake ukaenda kuendesha Mjini Unguja. Nilifanya hivyo. Kuanzia Darajani mpaka Michenzani nilikuwa natokwa na jasho kwenye kiyoyozi. Kule hakuna milima, kuna watu: mikokoteni, vespa, wapita njia, daladala linalosimama popote mkono ulipoinuliwa. Kwenye kiplefti ya Michenzani, chini ya yale majumba marefu, nilisimama nikingojea kulia kuwe kweupe kabisa, na kulia Michenzani hakuwi kweupe. Anayetoka kulia kwako, aliyekwishaingia kwenye mzunguko, ndiye mwenye haki. Ikipatikana nafasi ya kweli, ingia bila ya kusitasita, na usiingie kwa sababu tu wa nyuma anapiga honi. Honi yake haitolipa bampa lako. Na ukielekea kusini ukapita Jozani, yale matuta hayakuwekwa kukukera, yamewekwa kwa ajili ya kima punju wanaovuka barabara. Nilimwona mmoja kasimama kando na mtoto kifuani, anangojea tupite. Kima anajua kusimama.

Mtihani wa pili ulikuwa mfupi. Mlima ule ule. Nikavuta hendibreki, nikanguruma, nikashika klachi, nikashusha, gari ikaondoka kama maji. Tukateremka gia ya pili. Karibu na skuli moja afisa akasema ghafla, "Simama!" Nikatupa jicho kwenye kioo, nikasimama, kwenye pundamilia hakuna mtu hata mmoja. Akauliza kwa nini nimetazama nyuma kwanza. Nikamwambia kulikuwa na mtu wa baiskeli kabeba samaki. Akageuka, akamwona. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, safari hii refu zaidi.

Sasa namfundisha wifi yangu, leseni yake ya kujifunzia ikiwa mkobani na baibui kalikalia. Tunaondoka saa kumi na mbili na nusu, kwenye mlima ule ule, na makopo ya nyanya niliyaomba kwa mzee. Jana kayaponda mawili. Kahawa kwake.