Nyegezi pakoje kwa mtu mwenye familia? Jibu la mkazi

Mkuu, umeuliza kama Nyegezi panafaa kwa mtu anayehamia Mwanza kikazi akiwa na mke na watoto wadogo. Panafaa sana, nami sina mpango wa kuhama. Ila mtaa uchague kwa makini.

Huku kumekuzwa na vyuo. Mwaka 1960 Kanisa Katoliki lilianzisha kituo cha mafunzo ya jamii, na mwaka 1998 kikawa chuo kikuu, ndiyo hii SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino) ya Malimbe. Kuna pia chuo cha uvuvi ziwani, na jirani zetu Butimba wana chuo cha ualimu. Ndiyo maana kuanzia Nyegezi Kona kwenda Malimbe utakuta hosteli na vyumba vya wanachuo vingi kuliko nyumba nzima za kupanga. Chakula ni cha bei nafuu, lakini muziki usiku upo. Mwenye watoto asogee mbali kidogo na barabara ya chuo.

Usafiri usikuumize kichwa. Daladala za Nyegezi–Airport zinapita mjini, Kirumba na Pasiansi, na stendi ya mabasi ya Shinyanga na Dar iko hapahapa. Hospitali ya wilaya ipo Butimba. Rufaa ni Bugando.

Maji ndiyo uyaulizie kweli. Miaka mingi tumenunua maji kwa madumu huku ziwa tunaliona, jambo lililokuwa likiniuma mno. Chanzo kipya cha Butimba, kilichojengwa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku, kimetupunguzia adha. Lakini nyumba za mlimani bado zinategemea msukumo, kwa hiyo usilipe kodi kabla hujaona simtanki na hujawauliza majirani maji hutoka siku zipi.

Halafu kagua karo la choo. Mawe ya huku hayachimbiki kirahisi, na wajenzi wengine huishia shimo fupi. Mvua ikinyesha linafurika, uchafu unashuka kwa jirani wa chini. Nimepanga nyumba ya chini ya namna hiyo, na watoto walikuwa wanaruka madimbwi ya uchafu kwenda shule. Nenda ukaione nyumba siku ya pili baada ya mvua kubwa, uzunguke na nyuma.

Sato wa asubuhi mtawafaidi. Watoto tu wakatazwe kuogelea ufukweni kwenye majani, kichocho kipo.

Ukija, anza kutafuta upande wa Butimba na Mkolani.