Kuhama kutoka kwa daktari kwenda kwa mkunga ili uzalie nyumbani (Uingereza)

Dada, kuacha daktari na kuhamia kwa mkunga ili uzalie nyumbani inawezekana, na huhitaji ruhusa ya daktari bingwa. Piga namba ya wakunga uliyopewa kliniki, waambie umeamua kuzalia nyumbani. Hata mimba ikiwa imeshakomaa unaweza kubadili, ila wahi, maana wanapanga zamu.

Kwanza lakini angalia kwa nini uliwekwa kwa daktari. Kama ni presha, mapacha, kondo kukaa chini au uliwahi kuzaa kwa kupasuliwa, sababu haiondoki kwa kubadili mhudumu. Watakuita mzungumze, hapo msikilize kwelikweli.

Kama huyu ni wa kwanza, fikiri mara mbili. Utafiti wa Birthplace wa 2011 uliofanyika England, uliolinganisha sehemu za kuzalia, ulikuta matatizo makubwa kwa mtoto ni kama 9 kwa kila 1000 nyumbani, dhidi ya 5 hospitali, na karibu 45 kati ya 100 waliishia kuhamishiwa hospitali. Kwa waliokwisha kuzaa, tofauti kwa mtoto haikuonekana, na waliohamishwa ni kama 12 tu kati ya 100.

Mdogo wangu alizalia sebuleni Leicester, wa pili huyo. Wakunga walikuja na mtungi wa gesi ya kupunguza uchungu na mzani wa mtoto. Sindano ya mgongo ya kuondoa uchungu hupati nyumbani, usiitegemee. Na begi la hospitali liwe tayari mlangoni, kwa sababu wakunga wakipungua siku hiyo utaambiwa uende wodini.