Vidonge vya seleniamu kwa mzee mwenye mishipa iliyoziba

Dada wa Moshi, pole kwa kuuguza. Umeuliza kama umnunulie baba vidonge vya seleniamu (aina ya madini yaliyomo kwenye chakula) kwa kuwa mishipa ya miguu imeziba. Hiyo hela iweke kwanza. Ni kweli mwili huitumia seleniamu kutengeneza vimeng'enya (protini zinazoendesha kazi za mwili) vinavyokinga kuta za mishipa, ila mtu mzima anahitaji mikrogramu 55 tu kwa siku: yai, maini kidogo, dagaa wa pale Mbuyuni (waoshe chumvi!). Utafiti wa SELECT huko Marekani uliwapa wanaume mikrogramu 200 kila siku. Maradhi ya moyo na mishipa hayakupungua. Seleniamu ikizidi sana mwilini, nywele hunyonyoka, kucha hukatika, pumzi inanuka kitunguu saumu. Dawa za daktari asiache. Na kama anavuta sigara, hapo ndipo pa kumkalia kooni.