Kwa nini zebaki ni metali na kaboni siyo?

Ndugu, umeuliza zebaki inakuwaje metali ilhali ni kimiminika, na kaboni inakuwaje simetali ilhali grafiti, ambayo ni aina ya kaboni, hupitisha umeme. Umegusa penyewe: sifa moja haitoshi kuipanga elementi.

Ugumu na umiminika ni suala la jotoridi tu. Zebaki huyeyuka kwenye -39 °C. Ipoze chini ya hapo, itaganda na utaweza kuifua kwa nyundo. Cha kutazama hasa ni elektroni za nje. Metali huziachia kwa urahisi na kubaki ioni chanya, yaani atomu zenye chaji chanya. Kaboni hupendelea kushirikiana elektroni na atomu nyingine.

Chukua kile kijiti cheusi cha ndani ya penseli, ambacho ni grafiti iliyochanganywa na udongo. Kiunge kwenye saketi, balbu itawaka. Sasa jaribu kukipinda: kinakatika papo hapo. Waya wa shaba ungejikunja tu. Tena kaboni dioksidi ikiyeyuka majini hutoa asidi, wakati oksidi nyingi za metali (metali zilizoungana na oksijeni) ni besi, yaani kinyume cha asidi.

Silikoni ndiyo ya katikati, nusu metali: ukiipasha joto hupitisha umeme vizuri zaidi, kinyume cha shaba.