Piano ya chini ya Brooklyn Bridge: nilikwenda kuiona

Mkuu, umeuliza ile piano kubwa iliyokutwa ufukweni New York mwaka 2014 ilifikaje pale, na kwa nini hakuna aliyeichukua akaitengeneza. Wakati ule nilikuwa naishi Brooklyn, nafanya kazi ya kuhamisha mizigo ya watu, piano zikiwemo. Kwa hiyo nitakujibu kwa nilichokiona.

Ilikuwa Mei inaisha, Juni inaingia. Picha zilipoanza kusambaa nilitoka kazini nikavuka daraja kwa miguu hadi upande wa Manhattan. Chini ya daraja pana kipande kidogo cha ufukwe, mchanga na mawe, nayo imekaa hapo: Mason & Hamlin, jina la kampuni iliyoiunda, ile aina ya kulala, ya kwenye kumbi za muziki. Watu wanaipiga picha, watoto wanagonga vitufe. Nami niligonga. Vingi vilizama visirudi, vichache vilitoa sauti ya chini, nzito, kama mtu anayeita kutoka chumba cha ndani.

Kufika kwake si muujiza. Piano ya namna ile ina uzito wa kilo 300 hivi au zaidi, na ndani yake mna fremu nzito ya chuma, kwa sababu nyuzi zake, kama 230, zinavuta kwa nguvu inayokaribia tani 20. Haielei ikaletwa na mawimbi. Ilibebwa. Sisi tulikuwa tunafungua miguu na pedali, tunailaza ubavu juu ya ubao, tunaifunga mablanketi na mikanda, kisha kitoroli. Wanaume wanne wanaojuana kazi wanaimaliza asubuhi moja. Hata piano nyingine, ya Miami, Januari 2011, iliyoonekana juu ya fungu la mchanga katika ghuba ya Biscayne, watu walikisia mengi. Kumbe ni kijana wa miaka 16, kwa msaada wa jamaa zake, waliipeleka kwa mashua kwa ajili ya kazi yake ya sanaa.

Kinachoniuma mimi ni kwa nini piano zinatupwa. Mwaka 1909 pekee Marekani ziliuzwa zaidi ya 300,000. Zile zilizobaki sasa ni vikongwe, vyumba vimekuwa vidogo, na kinanda cha umeme unakibeba begani. Bibi anafariki, watoto wanauza nyumba, wanatangaza piano ya bure, mwezi unapita na simu hailii. Hapo ndipo tulipokuwa tunaitwa sisi, na tunalipwa kuipeleka jalalani. Nyumba moja binti wa marehemu aliomba tumsubiri kidogo. Akakaa akapiga wimbo mmoja wa kanisani hadi mwisho, akafunga kifuniko mwenyewe, akatuambia, "Haya, chukueni." Hatukusemezana njia nzima.

Sasa kuitengeneza. Maji ya chini ya daraja lile yanaitwa mto, East River, lakini si mto. Ni mlango wa bahari, maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mimi nimekulia Tanga, najua chumvi inavyokula bati na bawaba za milango, na hapo ni upepo tu. Piano nyingi za zamani zimeunganishwa kwa gundi ya ngozi za wanyama, na gundi hiyo ikilowa inalainika. Ubao wa sauti unavimba na kupasuka, nyundo za sufu zinanyonya maji, na mbao zinazoshika vigingi vya nyuzi zinaachia. Nyuzi za chuma zinaanza kutu siku hiyohiyo.

Hata hivyo usiku ule nilimpelekea picha mzee aliyenifundisha kazi, nikamwambia nina gari na vijana watatu tayari. Aliangalia muda mrefu, akaniuliza maji yakijaa yanafika wapi. Nikamwambia yanavuka vitufe. Akanirudishia simu, akaniambia kesho nije saa kumi na mbili, tuna piano ya kushusha ghorofa ya nne.