Rongai, Syokimau au South B kwa mtu wa kazi Upper Hill

Karibu Nairobi, dada. Umesema unatoka Mombasa na watoto wawili wa shule, kazi iko Upper Hill, na unapima ukae wapi: Rongai, Syokimau au South B.

Mimi ningeanzia South B. Kodi ni ya juu kuliko Rongai, lakini Upper Hill iko karibu, na mtoto akiugua shuleni utamfikia haraka. Rongai utapata nyumba kubwa kwa pesa ile ile, ila Barabara ya Magadi asubuhi ni mateso, hasa pale Bomas. Mvua za Machi hadi Mei zikinyesha, nauli ya matatu hupanda na safari hurefuka. Hebu fikiria kurudi usiku kila siku huku watoto wameshalala!

Syokimau ina treni ya abiria tangu 2012. Inakushusha stesheni kuu mjini, na kutoka hapo Upper Hill ni mwendo wa miguu, ingawa ni kupanda. Tatizo ni maji: visima vingi vya upande huo vina chumvi. Muulize mpangaji, si mwenye nyumba, maji hutoka siku gani na bouza (lori la kuuza maji) huitwa mara ngapi.

Tafadhali usilipe diposti ukiwa bado Mombasa, hata picha zikipendeza vipi. Matapeli ni wengi. Fikia kwa jamaa kwanza, kisha uende kuiona nyumba saa kumi na mbili asubuhi, upande matatu hadi kazini.