Ulijua?

Mwanangu Mwanaidi,

Waalaikum salaam. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, ya mwisho kwa miwani. Unauliza: baada ya miaka kumi na miwili ya kusanifu barabara na mitaro ya viwanja, ukubali ukuu wa idara katika kampuni hiyo ya Bagamoyo, uachane na michoro, au ubaki mhandisi mwandamizi?

Mambo ya mshahara zungumza na mumeo. Mimi nataka kujua kitu kingine: huko kwenu, anayesema "hapa hapauzwi" ni nani?

Ule ugomvi wangu na shangazi yako Zuhura mnadhani ni shamba la Pongwe. Sivyo. Mwaka 1996, nikiwa fundi sanifu, tulipima viwanja huku Tanga. Katikati palikuwa na kakorongo kakavu, lakini kaskazi yote majani yake yalikuwa mabichi. Mchoro wa kwanza ulikaacha wazi. Mchoro wa pili ukakafukia kwa bomba la milimita 600, na juu yake vikapatikana viwanja vinne. Nikasema walau tuweke la 900. Mhandisi mkuu akacheka: "Fundi, maji ya wapi hayo?" Hesabu unaijua kunishinda: kwa mteremko uleule, la 900 hupitisha karibu mara tatu ya la 600. Yeye aliona bei tu.

Nikanyamaza. Na laiti ningenyamaza kweli! Shangazi yako alipokuja kuulizia kimoja cha vile vinne, nilimwambia achukue, kiwanja kizuri.

Mwisho wa 1997 zikaja mvua za El Niño. Migomba na takataka zikaziba mdomo wa lile bomba, barabara ikageuka bwawa, usiku maji yakafika kwenye godoro lake. Asubuhi nilimkuta amekaa juu ya meza, kanga imelowa. Akaniuliza neno moja: "Ulijua?"

Mkondo hauuzwi, Mwanaidi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto, sawa, lakini kakorongo kasiko na jina nani atakaita mto? Kanamtegemea mwenye kalamu.

Utasema: "Basi nikubali ukuu, kalamu iwe yangu." Ngoja. Yule aliyenicheka naye alikuwa mkuu, na alikuwa mhandisi hasa. Nilimwona akipiga hesabu za daraja kichwani. Cheo kilimtoa matopeni, akaanza kuhesabu viwanja. Tena na mimi niliyebaki matopeni nilifanya nini? Sina ubavu wa kumsema. Wewe lakini umesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, muhuri ni wako, si wa kampuni. Mimi sikuwa nao. Mkondo hauuzwi, na anayeweza kusema hivyo asikasirikiwe sijawahi kumwona, awe mkubwa au mdogo.

Jibu ninalo, linaniwasha ulimi, na marehemu mama yako angekwisha kulitoa. Silitoi. Ila kabla hujatia sahihi, nenda kwenye eneo lao masika, mvua ikinyesha, uone maji yanapita wapi. Kisha waombe mchoro wa kwanza, si wa pili.

Shangazi yako akipiga simu usimwambie nimekuandikia haya. Au mwambie.

Baba yako,
Makorora